Utepe Kwenye Mlango wa Stoo ya Maharage

Kwaru, kwaru, kwaru. Adhana ya alfajiri haijasikika bado, nami nasikia kijiko kinakwangua sufuria jikoni. Nikadhani panya. Kumbe ni mjukuu wangu Yusra, kachuchumaa gizani, anabandua ukoko wa ugali wa jana na kuufunga kwenye kipande cha kanga.

"Wa nini huo, mama?"

"Wa mchana, bibi. Shuleni maharage bado yamefungiwa utepe."

Sikumuuliza zaidi. Habari ya utepe Kabuku nzima tunaijua. Nikamwongezea kitumbua juu ya ukoko wake. Kulipokucha nikabeba birika la kahawa na beseni langu, nikaenda kijiweni, pale kando ya barabara kuu kwenye benchi la fundi baiskeli.

Wateja wangu walishafika. Mdoe, fundi mwenyewe, wanamwita Gia Mbovu kwa sababu akianza kusema hapunguzi mwendo. Sharifu, mjumbe wa kamati ya shule, jina lake hapa ni Katiba. Huyo hata akimwaga kahawa anatafuta kifungu kinachomruhusu. Na mzee Koisaba, mfugaji, tunamwita Hali ya Hewa, maana kila siku anatabiri mvua na kila siku tunakauka. Redio ni yake, na ilikuwa inasoma habari.

"...wanafunzi wote wa kata hiyo sasa wanapata chakula cha mchana shuleni, na wazazi wameelezea furaha yao..."

Gia Mbovu akatupa spana chini. "Oya! Kata gani hiyo?"

"Yetu," akasema Koisaba.

"Wanakula wapi? Humo humo kwenye redio?"

"Chakula kimefika, hilo usipinge," akasema Katiba. "Lori lilikuja, nilikuwepo. Unga, maharage, mafuta ya kula. Wazazi tukaleta kuni. Mashavu mpishi kasugua masufuria mpaka unajiona meno. Kilichobaki ni makabidhiano tu."

"Makabidhiano gani, na magunia yamo ndani?"

"Gunia kuwa ndani siyo kukabidhiwa, mwanangu. Kuna utaratibu. Mgeni rasmi anakata utepe, anashika gunia, gunia linapigwa picha, hapo ndipo linakuwa chakula. Kabla ya hapo ni mzigo."

"Waambie hayo fukusi waliomo kwenye magunia. Wenzako wameshaanza kula, wala hawakuulizia mgeni rasmi yuko wapi."

"Fukusi watachukuliwa hatua."

"Na nani? Na kamati?"

Koisaba akatikisa kichwa. "Kwetu ng'ombe akifika kwenye maji, anakunywa. Hatumwambii aimbe kwanza."

"Ndiyo maana ng'ombe wako hawana picha hata moja," akajibu Katiba.

Nikacheka mpaka kahawa ikaenda pembeni ya kikombe. Lakini kicheko chenyewe hakikukaa, kwa sababu Mwalimu Mkuu Hiza alikuwa anashuka kwenye baiskeli yake. Huja kila asubuhi kuchukua vitumbua vya watoto wa darasa la kwanza, kwa hela ya mfuko wake. Hajamwambia mtu. Nami nisingesema, ila jambo zuri likikaa sana kifuani linanipa kiungulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Wameamka, bibi. Wanaimba." Akashusha pumzi. "Wimbo wa mapokezi."

Watoto walikuwa wameuimba wimbo huo Jumatatu, mgeni hakuja. Wakauimba Alhamisi, mgeni hakuja. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Sasa hata kasuku angeujua.

"Mwalimu, unazingua!" Gia Mbovu akamvaa. "Kata huo utepe, watoto wale!"

"Nikikata, nitaulizwa nimekata kama nani. Nimeambiwa nisubiri."

"Na utepe alifunga nani?"

Mwalimu akaangalia tairi la baiskeli yake. "Mimi. Niliambiwa pawe na mandhari."

"Mtu mzima umejifungia stoo kwa kitambaa! Mbuzi angepita hapo bila kugeuka nyuma!"

"Mbuzi hana bosi," akasema mwalimu kwa upole, na hapo hata Gia Mbovu akainama kuokota spana yake, maana ni kweli.

Simu yake ikalia. Akasimama wima, akavua kofia, kama vile simu ina macho. Ilikuwa simu ya zamani, sauti yake inasikika mpaka upande wa pili wa barabara.

"Hiza! Nimebanwa na vikao, siji. Fanyeni na mwakilishi."

"Mwakilishi yupi, mheshimiwa?"

"Yeyote! Ilimradi picha zinifikie leo." Ikakata.

Mwalimu akabaki kaikodolea simu macho. Kijiweni kila mtu akajifuta mdomo na kukaa sawa.

"Basi mwakilishi ni mimi," akasema Katiba. "Nina koti."

"Wewe ni kamati ya shule!" Gia Mbovu akaruka. "Wewe ndiye unayepokea! Utajikabidhi mwenyewe? Mkono wa kulia umpe gunia mkono wa kushoto?"

Katiba akawaza. "Hoja ina mashiko. Basi mzee Koisaba."

"Mimi wajukuu wangu wako darasa la pili," akasema Koisaba. "Nitapigwa picha nikimpa nani? Nitakuwa najipa mwenyewe."

"Bibi Mwaija je?"

"Mimi nina Yusra," nikasema. Nikakumbuka ule ukoko kwenye kanga, nikaona aibu kana kwamba nimeufunga mimi.

Wakahesabu majirani wote kuanzia kituo cha basi hadi kisimani. Kila mmoja ana mtoto pale, au mjukuu, au mke wake ndiye aliyeleta kuni. Mtoaji lazima awe wa kutoka kwingine. Hapo hata Gia Mbovu akakubaliana na Katiba, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimeweka birika langu hapo.

"Hatuna mtu," akasema mwalimu, akavaa kofia. "Nitawaambia watoto wapumzike kuimba."

Mara, pwaaa!

Lori la machungwa likapepesuka, likasimama mbele yetu limeinamia upande mmoja. Mlango ukafunguka. Kikatangulia kushuka kitambi, halafu akafuata dereva: pensi, ndala, fulana ya mpira, taulo shingoni.

"Habari za hapa, wazee wangu. Tairi limenifanyia kitu mbaya."

Gia Mbovu hakuangalia tairi. Aliangalia kitambi. "Jamani," akanong'ona, "mwoneni. Huyu kaletwa."

"Unaitwa nani, ndugu yetu?" akauliza Katiba, sauti imeshakuwa ya mkutano.

"Habakuki. Natoka Muheza, naenda Dar."

"Hapa Kabuku una mtoto? Ndugu? Mchumba?"

"Sina hata wa kunipa maji."

Nikampa maji, na kahawa. Wakamweleza. Akasikiliza kikombe kiko hewani.

"Yaani watoto wana chakula na hawali kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya mtu kama wewe," akasema Koisaba.

"Nileteeni hilo koti."

Koti la Katiba lilimwingia mikononi tu. Mbele vifungo na matundu yake vilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Mwalimu akasema haidhuru, watapiga kuanzia kifuani kwenda juu, ndala zisionekane. Gia Mbovu akabaki na tairi. Sisi tukaenda.

Watoto walipomwona waliimba kwa nguvu zao zote zilizobaki. Mashavu alikuwa keshawasha moto na maji yanachemka. Habakuki akapewa mkasi, akakata utepe, akashika gunia, mwalimu akapiga picha. Tungeishia hapo, lakini yule baba akaonja utamu.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Mimi kama mgeni rasmi, naahidi barabara ya lami mpaka jikoni! Naahidi kila mwanafunzi meza yake!"

"Mpe na kisima," Katiba akamnong'oneza.

"Naahidi visima viwili!"

Tukapiga makofi. Katiba alipiga kwa nguvu zaidi kuliko wote, mpaka nikamkumbusha kwamba mtu huyu ni wa machungwa.

"Maharage hayaivi kwa ahadi!" Mashavu akafoka kutoka jikoni. "Nipisheni!" Akalipita koti, akapita juu ya vipande vya utepe, akatoka na gunia mgongoni.

Maharage yakachukua muda wake. Gia Mbovu akaja kusema tairi limeshafungwa, lori liko tayari. Habakuki akasema sawa, lakini hakuondoka. Alirudisha koti, akashusha gunia la machungwa kutoka kwenye mzigo wake mwenyewe, akamsaidia Mashavu kusonga ugali ule mkubwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Jasho lilimtoka hadi ndala zikateleza. Hakuna aliyempiga picha wakati huo.

Watoto wakala. Kelele zote zikakatika uwanjani, ukabaki mlio wa vijiko. Mwalimu Hiza alipita kwenye safu akiwatazama, kofia mkononi, bila simu yoyote kulia. Yusra alikula sahani yake, akafungua kanga, akamalizia na ukoko.

Halafu akanawa mikono, akamfuata Habakuki aliyekuwa anajifuta kwa taulo tayari kuondoka. Akamvuta fulana.

"Shikamoo mgeni rasmi."

"Marahaba, binti yangu. Umeshiba?"

"Nimeshiba." Akageuka kutazama stoo, ambako magunia mengine yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani. Akarudisha macho kwake, na wasiwasi umemjaa usoni.

"Na kesho uje tena, baba. Mengine bado yamo ndani."