Hotuba ya Kuzindua Ukuta Usiopitisha Joto

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye pia ni shemeji yangu. Mkurugenzi wa Kiwanda. Wakuu wa Idara, Wasaidizi wao na wale wanaokaimu. Wake wa wafanyakazi. Wafanyakazi wenyewe, mliosimama kule nyuma kwa sababu za kiitifaki. Mabibi na mabwana, ambaye sijamtaja ajue yumo moyoni. (Makofi.)

Nasimama mbele ya tanuri hili la kuyeyushia chuma, ambalo ukuta wake mnauona sasa ni mweupe pe, nikiwa na furaha isiyo kifani kuutangaza Mradi Jumuishi wa Utafiti na Inovesheni ya Kuhami na Kupoza Nyuso Zinazokabiliwa na Halijoto Kali, mradi ambao mimi binafsi niliubuni siku kiyoyozi cha ofisini kwangu kilipoharibika, nikajiuliza: ikiwa mimi naumia hivi, je, mwananchi wa kawaida? (Makofi ya meza kuu.)

Kwa lugha nyepesi, maana si wote tuliobahatika kusoma, joto lina tabia ya kutoka penye joto kwenda pasipo na joto, na hii ni changamoto ya kimfumo. Huko nyuma liliachwa litembee linavyotaka. Sisi tumesema hapana. Kupitia fremuweki shirikishi ya wadau, tumeupaka ukuta huu tabaka la kuhami, na takwimu za awali zinaonyesha kuwa upitishaji wa joto umeshuka kwa asilimia tisini na nane nukta saba, na hiyo nukta saba nimeisimamia mwenyewe. (Makofi. Mpiga picha anasogea.)

Najua wabezaji hawakosekani. Basi tazameni: naweka kiganja changu hapa ukutani, kiganja kitupu, na nakiacha hapo hapo. Ukuta ni baridi kabisa. (Fundi wa zamu, kutoka nyuma: “Mheshimiwa, tanuri limezimwa tangu juzi. Tuliambiwa mgeni asije akaungua.”) Ahsante, fundi, kwa ushuhuda huo. Mmesikia wenyewe, na mgeni hakuungua. (Kicheko. Mkurugenzi anageuka kuangalia ni nani wanaocheka.)

Naona kuna mama amenyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti, sisi ni watu wasikivu. (Mama: “Mimi ni mke wa mchochea tanuri, huyu hapa mwenye bendeji. Aliungua mkono kwenye ukuta huo huo. Leo jioni moto unawashwa, na anayeingia badala yake ni shemeji yangu, mdogo wake. Mheshimiwa, mimi nauliza hili tu: ukuta utamuunguza au hautamuunguza?”)

Swali zuri sana, na naomba nilijibu kwa upana wake. Kwanza, pole kwa mgonjwa. Pili, kuungua kwa mumeo kulitokea kabla ya uzinduzi, kwa hiyo hakumo katika takwimu za mradi. Tatu, shemeji yako ni mnufaika wa moja kwa moja, na wanufaika wa moja kwa moja, kwa mujibu wa mwongozo wetu, wanalindwa. (Mama: “Kwa hiyo hautamuunguza.”) Mama, nimeshasema analindwa. Hebu asimame tumwone. (Shemeji anasimama, kofia mkononi.) Mtazameni, mzima wa afya, hana hata mchubuko. Haya ndiyo matokeo tunayoyazungumzia. (Makofi hafifu. Shemeji hajui kama akae.)

Sasa, nikisema joto, mseme nje. Joto! (“Nje.”) Ukuta! (“Baridi.”) Aliyewaletea? (Kimya.) Ahsanteni, mnamjua.

Kabla sijaketi, shukrani. Namshukuru mpaka rangi aliyeamka alfajiri kuupaka ukuta huu chokaa, ukapendeza namna hii. Rangi yenyewe ya kuhami joto itaagizwa pindi watafiti watakapoamua ni ipi, na watafiti watatafutwa pindi andiko la mradi litakapoandikwa, kazi ambayo nimehakikishiwa kuwa haina ugumu wowote. Namshukuru Mkurugenzi kwa zawadi ya glavu hizi nene za kukinga moto, ambazo nasikia ndiyo jozi pekee iliyokuwepo hapa kiwandani. Moyo wa kutoa namna hiyo ni nadra, nami nitazitundika ofisini. Shemeji wa yule mama, nakutakia zamu njema. Ila moto msiuwashe mpaka msafara wangu uwe umetoka getini, maana nimeambiwa tanuri hili likishawaka, ukuta wake haukaribiki.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.