Singeli Chini ya Jeneza

Jamani, leo nimeaibika mbele ya maiti. Sitanii. Nimerudi nyumbani Kilakala, nimeoga mara mbili, aibu haijatoka.

Tulikuwa watatu: mimi na rafiki zangu Kassim na Neema. Jumamosi huwa tunapanda milima ya Uluguru. Mimi ndiye kiongozi (nilijipa cheo mwenyewe, hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyekitaka). Na nina masharti. Hakuna kutupa chupa, hakuna kukanyaga matuta ya watu, kila mzee apewe shikamoo yake. Leo asubuhi niliokota hata ganda la pipi ambalo si letu, Neema akanipiga picha nikiokota. Basi nikajiona mstaarabu kuliko Morogoro nzima.

Ila nilikuwa na spika. Ilikuwa ndani ya begi langu mgongoni, ikipokea muziki kutoka kwenye simu ya Kassim. Singeli, sauti ya mwisho. Tulipita mashamba ya karoti na kabeji namna hiyo, wakulima wakiinua vichwa kututazama. Nikawa nawapungia mkono. (Nilidhani wanafurahi.)

Kwenye kona moja, njia ikiwa nyembamba kabisa, tukakutana na jeneza.

Kule juu gari halifiki. Marehemu anabebwa mabegani, wanaume wakipokezana. Kassim alikata muziki haraka, mimi nikavua kofia. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa anaimba. Msiba wa Wakatoliki, msalaba uko mbele, na hakuna wimbo hata mmoja.

"Shikamoo mama, poleni na msiba," nilimwambia mama mmoja aliyekuwa karibu.

"Marahaba. Tumeshapoa, mwanangu," alijibu kwa sauti ya chini. "Mwenzetu aliomba apelekwe kimya. Kichwa kimemtesa mwaka mzima, hata jogoo akiwika alikuwa analia. Mumewe yule pale. Alimwahidi."

Mume alikuwa mzee mwembamba, anatembea nyuma ya jeneza. Viatu vyake alikuwa amevishika mkononi, visitoe kishindo.

Roho iliniuma. Maana kelele zetu walikuwa wamezisikia tangu tuko bondeni. Nikaona njia pekee ya kujisafisha ni kubeba. Mwanaume ukikutana na jeneza unatoa bega, ndivyo tulivyolelewa. Nikasogea, mbebaji mmoja aliyechoka akanipisha, nikaingia. Begi sikulivua. (Huo ndio ujinga wenyewe.)

Kumbe Kassim alikuwa amesimamisha wimbo tu. Spika ilikuwa inawaka bado. Yeye akatumbukiza simu mfukoni bila kufunga kioo, akafuata nyuma na waombolezaji.

Mlima ukawa mkali. Uzito wote ukatuangukia sisi tuliokuwa nyuma, mikono yote miwili iko juu, miguu inatafuta pa kukanyaga. Hapo ndipo mgongo wangu ulipoanza kuimba.

Singeli. Ile ya kasi. Ilianzia palepale ilipokatwa, chini ya miguu ya marehemu.

"Zima," alisema mbebaji wa mbele yangu bila kugeuka.

"Siwezi. Mikono."

"Basi tumtue."

"Hapa hatutui," alisema mwingine. "Tukimtua hapa ataserereka mpaka mtoni."

Kwa hiyo tukaendelea kupanda. Na jambo baya zaidi, ambalo nisingependa mama yangu alisikie, ni kwamba miguu yetu ilianza kufuata mdundo. Hakuna aliyetaka. Unapopanda na ngoma iko nyuma ya sikio, miguu haikuombi ruhusa. Jeneza likaongeza mwendo. Ikabidi msalaba utupishe.

Nyuma nilimsikia Neema akisema, "Kassim, zima, zima." Lakini vidole vya Kassim vilikuwa vimelowa jasho, simu haimtambui. Mwishowe akatumia akili pekee iliyokuwa imembakia: akatimua mbio kuteremka mlima ili simu iwe mbali na spika. Alikatiza katikati ya kabeji za watu. Wimbo ukakatika, ukarudi, ukakatika, ndipo ukanyamaza.

Tulimtua marehemu makaburini. Nikamwendea yule mzee, nikapiga magoti.

"Shikamoo babu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Umembeba vizuri, hukumtikisa. Asante." Akainama, akaanza kuvaa viatu vyake. "Ila mimi nilimwahidi kitu kimoja tu."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aligeuka tu akaenda kumzika mke wake.

Naombeni msicheke. Kassim alijaribu tulipokuwa tunateremka, akaishia kulia.