Moyo Hausukumi Damu: Kurasa Kumi na Moja Zenye Muhuri

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema sana. Nimegundua kwamba moyo hausukumi damu.

Sikuwa nimekusudia. Shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, mwalimu wa biolojia, alikuja kusalimia akasahau kitabu chake mezani. Nikafungua. Kinasema mishipa ya damu ya mtu mmoja, ikiungwa mmoja baada ya mwingine, inaizunguka dunia. Na pampu yake ina ukubwa wa ngumi! Nimefunga pampu za maji miaka thelathini na moja. Ngumi haiwezi. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha: inatakiwa pampu kubwa kama nyumba ya ghorofa mbili. Namshukuru shemeji kwa usahaulifu wake.

Jumanne, 4 Machi

Kurasa kumi na moja za uthibitisho wangu zimekamilika. Kila ukurasa nimeugonga muhuri wangu: MHANDISI MSAJILIWA. Mke wangu akauliza tangu lini fundi wa pampu akawafundisha watu wa biolojia habari za moyo. Nikamjibu kwamba wao wenyewe ndio walioanza kuuita pampu. Akaenda kuanua nguo. Naishukuru ndoa isiyo na ubishi.

Shemeji alipiga simu. Jumamosi shule yao ina maonyesho ya sayansi na mkaguzi anakuja. Akiridhika, shemeji atakuwa mkuu wa maabara, cheo alichokingoja miaka saba na kilichompita mara mbili. Ananiomba jambo moja tu: nije, nikae, nipige makofi. Nikamshukuru sana kwa mwaliko. Kisha nikampigia mwalimu mkuu, nikaomba dakika kumi za neno la mtaalamu. Aliposikia "mhandisi" akakubali bila kuuliza mhandisi wa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio limefaulu. Nilichukua pampu ndogo ya tangi la samaki, ukubwa wa ngumi, nikaiweka ndani ya ndoo. Nikaiunga na mipira myembamba ya maji, kipande baada ya kipande, viungio arobaini, mstari mmoja kuzunguka ua mara sita. Nikawasha. Mwisho wa mpira halikutoka hata tone. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Fundi bomba alikuwa bafuni akitengeneza koki yetu. Hana cheti hata kimoja. Akatoka, akaangalia, akauliza kwa nini nimeunga yote mstari mmoja. Nikamwambia ndivyo kitabu kinavyosema. Akauliza kama humu ndani maji hupita chooni kwanza ndipo yafike jikoni. Nikacheka. Akasema kila chumba kina tawi lake, na mwilini labda ni vivyo hivyo. Nikamshukuru kwa mchango wake, nikamkumbusha koki. Akasema Jumamosi tutaonana, binti yake anasoma palepale.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu ameziona kurasa kwenye mkoba. Amesema nikimharibia mdogo wake, nitafute mtu mwingine wa kunipikia. Hajawahi kunitia moyo hivi kabla ya hotuba.

Jumamosi, 8 Machi

Acha niandike polepole, nisiruke kitu.

Ukumbi ulijaa. Mkaguzi mstari wa mbele, miwani puani, daftari gotini. Shemeji amevaa gauni jipya. Nikasoma ukurasa wa kwanza hadi wa nne, nikawasha pampu niliyokuja nayo pamoja na mipira yake yote. Halikutoka tone. Nikatangaza kwamba nadharia ya moyo imeanguka, na walioifundisha wajieleze.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkaguzi akafunga kalamu yake. Ndipo nikamwona shemeji. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo imemkauka. Miaka saba. Niliona aibu, naiandika wazi. Nikausikia moyo wangu ukienda mbio, ingawa kwa mujibu wa ukurasa wa pili haukuwa na kazi hiyo.

Aliyesogea kwanza ni fundi bomba. Aliinuka kutoka viti vya wazazi, akamnong'oneza shemeji neno. Shemeji akavuta pumzi, akageukia ukumbi, akasema kwamba wameliona kosa, sasa waone lililo sahihi. Fundi akatoa kisu mfukoni, akakata mpira wangu vipande ishirini, akavifunga vyote kwenye mdomo wa pampu kwa utepe, kila kimoja tawi lake. Shemeji akawasha. Maji yakatoka kwenye vyote ishirini! Mengine yaliilowesha suruali ya mkaguzi. Mkaguzi akacheka, akafungua kalamu, akaandika ukurasa mzima.

Shemeji akawaambia watu wanishukuru, kwa sababu shemeji yake alikubali kukosea mbele yao ili wanafunzi waelewe. Angeweza kunizika pale pale. Badala yake walinipigia makofi ukumbi mzima, wamesimama. Mimi sina la kumlipa yule mwanamke. Wala fundi. Huyo nimemkumbatia mpaka akaniomba nimwachie.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amepata cheo! Amekuja na keki, amelia begani kwa dada yake, na mimi nikalia kidogo dirishani. Fundi bomba naye alikuja, akala vipande vitatu. Nawashukuru wote kutoka ndani kabisa. Nikifikiria vizuri, bila kurasa zangu kumi na moja mkaguzi asingeona lolote la kuandika.

Shemeji amesahau tena kitabu. Nimefika sura ya figo. Wanadai zinachuja. Mimi nilifanya kazi miaka sita kwenye mtambo wa kuchuja maji, na mchujo ule, kwa ukubwa ule, haiwezekani.

Nimeandika kurasa tisa. Muhuri tu siuoni. Mke wangu anasema ameuweka mahali salama. Namshukuru kwa kuutunza hivyo, maana nimepekua nyumba nzima bila kuuona. Nimeagiza mwingine, mkubwa zaidi.