Kikapu Changu cha Spana

Jumatatu, 4 Machi 1974
Regina mkwe wangu, wewe umesoma elimu ya watu wazima, andika kama ninavyosema, usinitengenezee maneno. Nina hasira! Tangu tuhamishwe Kisanga tukaletwa huku Mikumi barabarani, malori yote yanasimama kwa Hildegarda, kibanda changu cha chai yanakipita. Chai yake maji ya kusuuzia vikombe! Lakini ana kaka, Oswald, fundi mwenye sanduku la vyuma kubwa kama jeneza. Leo mwenyekiti Cleopa katangaza: mkutano wa Jumamosi utachagua kibanda kimoja tu cha chai. Kingine kinavunjwa, mwenyewe anakwenda kulima shamba la kijiji. Mimi, na magoti haya! Hildegarda akaniamkia shikamoo huku anacheka. Nikaitika marahaba, lakini ya nusu.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaza nikimenya mihogo. Lori likifia kule mbugani, sanduku la Oswald linataka wanaume wa kulibeba, na wote wanaogopa tembo. Je, mimi nikiwa na vyuma vichache, vinaenea kikapuni, nikajitwisha kichwani? Mpwa wangu Lazaro alikuwa fundi wa malori ya mkonge, sasa kazi yake kulala. Nikamwuliza lori linahitaji vyuma gani hasa. Eti hakumbuki mpaka avishike. Mtu mzima na ndevu zake!

Jumatano, 6 Machi
Kilosa, Mabwerebwere, mimi na Lazaro, kwa mzee Beda aliyekuwa bosi wake. Nimempelekea mbuzi wangu, anipe vyuma. Akamwaga gunia zima la spana. Nikamwambia sitaki ukoo wote, nataka wanaofanya kazi. Lazaro akashika kimoja kimoja, mkono ukakumbuka. Spana, bisibisi, plaizi, nyundo fupi, waya, kipande cha mpira wa tairi, na sabuni ya kuzibia tenki linalovuja. Beda akauliza, jeki je? Nikamwambia jeki dereva anayo, sibebi mzigo wa mtu. Kila chuma nikakifunga kipande cha kanga kuukuu, visigombane njiani. Halafu Beda anasema mbuzi kakonda! Mbuzi yule mnene kuliko Beda na mkewe. Andika hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Lori la kwenda Zambia limekufa mbugani! Oswald anazunguka kutafuta wabebaji, mimi huyo, kikapu kichwani, Lazaro nyuma anahema. Sabuni ikaziba tenki. Waya ukafunga bomba la moshi. Dereva, Stefano, akaniambia bibi, wewe ni karakana inayotembea. Akaja kunywa chai kwangu, na wenzake wakasimamisha malori yao. Hildegarda akaanza kufagia. Vumbi lote kwenye sufuria yangu!

Jumamosi, 9 Machi
Mkutano. Nilikuwa nimeshashinda, Regina! Watu wanasema kibanda kibaki cha bibi wa kikapu. Hildegarda akaruka, eti kuwa na vyuma peke yangu ni ubepari. Ubepari! Mimi nisiye na hata viatu! Hasira ikanipanda, nikasimama, nikapaza sauti: kikapu hiki ni kwa faida ya kijiji kizima!

Cleopa akanishukuru. Akasema mama katoa mali yake kwa kijiji, mpigieni makofi. Wakapiga. Nami nikapiga, sijui nini kilinipata. Kikapu kikapelekwa stoo ya kijiji. Stoo iko wapi? Nyuma ya kibanda cha Hildegarda! Basi Cleopa akaamua, malori yasimame palipo na vyuma. Kibanda changu kimevunjwa jua likiwa bado juu. Aliyeshika shoka ni Oswald, tena anapiga mluzi.

Jumatatu, 11 Machi
Natoka shambani. Magoti yanawaka. Hildegarda kapita na birika, kaniuliza mama, jembe zito? Nilimtupia bonge la udongo, likampata Cleopa aliyekuwa anapita nyuma yake.

Lakini sikati tamaa. Kuna mbuzi mwingine. Nitatengeneza kikapu kipya, kidogo zaidi. Na safari hii hakuna wa kuniwahi. Mkutano ukifunguliwa tu, kabla Hildegarda hajatia neno, nasimama mwenyewe, nakitangaza mbele ya Cleopa na kijiji kizima, ili kila mtu ajue ni changu.