Ombi la Kubadilishana Nafasi kati ya Kamati ya Ukoo na Bakteria wa Kisigino Changu

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ukoo, ambaye pia ni mdogo wangu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu,

Salamu nyingi kutoka wodini, kitanda kilicho karibu na mlango wa choo. Naandika kulalamika rasmi, tena kwa heshima, kwamba bakteria walioko kwenye kidonda cha kisigino changu wana nidhamu kuliko ninyi. Nilifundisha sayansi miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nieleze.

1. Bakteria hana kichwa wala simu, lakini kila mmoja hutoa kemikali kidogo, kama mtu anayesema "nipo". Wakiwa wachache wanatulia, na kinga ya mwili inapita bila kuwashtukia. Kemikali ikiongezeka, wanajua akidi imetimia, na wote kwa pamoja wanaanza kumwaga sumu. Hakuna anayeuliza chai iko wapi. Sisi akidi imetimia mara tatu kuhusu mguu huu, na mara zote mmeahirisha. Mara ya mwisho kwa sababu shangazi aliona viti havitoshi.

2. Wakishakubaliana, wanajenga utando wa ute na kujibanza chini yake. Dawa inaua wa juu, wa chini hata habari hawana. Ninyi mna kundi la simu lenye watu arobaini. Nilipouliza nani atakuja kunisaidia kuoga, mliandika "tuko pamoja mzee". Aliyenishika bega bafuni ni mgonjwa wa kitanda cha pili.

3. Wanagawana. Bakteria aliyepata mbinu ya kuikwepa dawa humpa mwenzake kipande cha urithi chenye mbinu hiyo, hata kama si wa jamii yake. Nanyi mligawana, siwezi kuwanyima sifa, ila mligawana dawa zangu za kuua bakteria. Shemeji yetu alichukua vidonge vya kutibu jino lake. Mke wako akachukua vingine vya kutibu mafua, ambayo dawa hizo haziyatibu hata kidogo. "Kwani shemeji hujapata nafuu?" aliniuliza, glasi ya maji ikiwa tayari mkononi. Dozi ikakatika, wakafa bakteria dhaifu. Waliobaki ndio wanaonitawala.

Daktari wangu anasema wanasayansi wanatafuta dawa ya kuvuruga mawasiliano yao, ili wasijue kwamba wametosha. Nimemwambia wasihangaike. Dawa hiyo tunayo, ni ninyi.

Hivyo naomba tubadilishane. Kamati ihamie kidondani, nawe ukiwa mwenyekiti. Mtaunda kamati ndogo, na kisigino kitapona kabla hamjapitisha ajenda. Bakteria wahamie sebuleni kwako. Wakikabidhiwa suala la mguu wangu, watalimaliza siku hiyohiyo. Na kuanzia leo ukoo usishirikishwe tena katika jambo lolote linalonihusu.

Nisalimie watoto, shemeji na jino lake, na wote arobaini walio pamoja nami.

Nabaki kaka yako mkubwa,
Mwalimu mstaafu

N.B. Daktari ametoka hapa sasa hivi. Anasema maambukizi yameingia kwenye mfupa, na mguu usipokatwa kesho asubuhi sumu itapanda. Alinipa kalamu nitie sahihi, nikaikataa. Nimemweleza kwamba jambo kama hili haliamuliwi na mtu mmoja, mimi nina watu. Tafadhali itisha kikao, na uhakikishe shangazi amepata kiti.