Uchambuzi wa Kampuni ya Noah Moja

Jumatatu, 16 Juni
Dada Klementina ametamka asubuhi, kasimama mlangoni kwangu: Noah yake, gari letu la kukodisha, isipopata mteja kufikia Jumapili, anaiondoa kwenye kampuni. Kampuni yenyewe ni Noah hiyo. Nikaomba siku mbili za uchambuzi wa kimkakati. Akasema nianze kwa kuiosha.

Jumanne, 17 Juni
Matokeo. Nguvu yetu: redio inasikika. Udhaifu wetu: mimi (maoni ya Dada, nayaandika kwa haki). Tishio: Bertha wa Ruangwa. Naye ana Noah moja, lakini simu yake haipumziki. Kwa nini? Lazima nimchunguze kwa ndani.

Alhamisi, 19 Juni
Nimeikodi Noah ya Bertha siku tatu, kwa jina la uongo, Eusebio. Viti vina vitambaa. Maji ya kunywa yapo! Amenipigia mara mbili kuuliza kama nimefika salama. Mimi humpigia mteja kumuuliza gari liko wapi.

Ijumaa, 20 Juni
Dada anapiga vigelegele. Noah yetu imekodiwa kesho! Vijana wanatoka jandoni kijijini Mbekenyera. Aliyekodi ni Bertha. Gari lake, kasema, limechukuliwa na bwana mmoja Eusebio, na wazazi alishawaahidi. Dada ataendesha mwenyewe. Ufunguo wa gari la Bertha nimeusukuma ndani zaidi ya mfuko. Kesho nitawafuata kwa mbali, kiuchunguzi.

Jumamosi, 21 Juni
Niliegesha mwisho wa kijiji. Kosa. Siku ya kuwatoa vijana, gari lolote linaloonekana ni la msafara. Sijazima injini, khanga zimeshafungwa kwenye vioo, ndani wameingia mashangazi tisa na ngoma mbili. Mmoja akanifokea: dereva, piga honi, unatutia aibu! Nimezunguka kijiji mara nne. Mzunguko wa tatu, Bertha akalitambua gari lake. Akainama dirishani. "Kaka Eusebio, umefika salama?" Dada alicheka mpaka akakaa chini. Bertha akanipakulia pilau, sahani ya kubeba kwa mikono miwili.

Jumapili, 22 Juni
Dada ameamua: Noah yake inahamia kwa Bertha. Mimi nimechukuliwa kuwa dereva. Bertha mwenyewe kapendekeza, mashangazi wameniulizia. Yaani nimeingia ndani kabisa ya kampuni pinzani, na mpinzani hajashtuka!

Likunja nako nasikia kuna mtu ana Hiace. Jumatano, 25 Juni, saa tatu asubuhi, nakwenda kuikodi. Safari hii nitavaa miwani.