Dhamana ya Hati Safi

Mjini walimwita Tai, na hakuna aliyejua kama ni kwa sababu ya ile aliyofunga shingoni au kwa namna alivyozunguka juu ya shida za watu kabla ya kutua. Siku hiyo ya Alhamisi alikuwa kwenye duka la kutoa kopi, akisubiri barua yake moja ya bandia, pale tarishi wa idara ya jirani alipomwaga furushi la risiti juu ya kaunta.

"Harakisha, kaka," tarishi alimwambia mwenye mashine. "Wakaguzi wa hesabu wanakuja Jumatatu. Bosi akipata hati chafu mwaka wa tatu mfululizo, kiti hana."

Tai akaisahau barua yake.

Ijumaa asubuhi alikuwa ameketi mbele ya mkurugenzi wa idara hiyo, mguu juu ya mguu.

"Mheshimiwa, mimi nawatangulia wakaguzi wenzangu," alisema kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. "Vitabu vyako tunavijua. Lakini hati safi ni jambo la watu kuelewana. Milioni mbili tu."

Mkurugenzi alishusha pumzi ya miaka miwili. "Tuelewane hata sasa hivi! Nenda kwa mama mhasibu, mwambie nimekubali."

Mama mhasibu alikuwa mtu wa sauti ndogo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Alimsikiliza Tai mpaka mwisho bila kushtuka. Kisha akafungua kitabu kinene cha mwongozo wa fedha, akalamba kidole, akafunua.

"Mwanangu, hela ipo. Ila vitabuni tutakuandika mshauri, na mshauri halipwi kabla ya kazi mpaka aweke dhamana. Asilimia ishirini. Unaweka laki nne dirishani sasa, saa sita unabeba milioni mbili zako."

Tai mwenyewe alikuwa ameishi miaka kumi kwa maneno hayohayo: toa kidogo, ubebe kikubwa. Angeyasikia stendi, angecheka mpaka akae chini. Lakini haya yalikuwa na namba ya ukurasa, kifungu na muhuri wa bluu, na Tai, tumsamehe, alikuwa na udhaifu mmoja: aliheshimu mihuri, kwa kuwa ndiyo iliyomlisha.

Laki nne hakuwa nazo. Dada yake mkubwa alikuwa nazo, za kununua cherehani.

"Zabuni ya serikali, dada," alimbembeleza kwenye simu. "Saa sita mchana zinarudi mkononi mwako."

Dada alizileta mwenyewe, kisha akabaki kwenye benchi la wageni. Hela yake ikitoka, huwa anatoka nayo.

Saa sita kamili Tai akainama dirishani. Hati ya malipo ilikuwa tayari.

"Imebaki sahihi moja," alisema mama mhasibu. "Ya ofisi yenu ya ukaguzi. Bahati nzuri wenzako wamewahi, wako ukumbini wanakunywa chai. Nikuitie mmoja?"

Tai akalegeza fundo la shingoni. "Usiwasumbue, mama. Nipe tu dhamana yangu, nitarudi Jumatatu."

"Dhamana hairudi bila barua ya mwajiri."

"Mwajiri… amesafiri."

"Basi iko njia ya pili, kifungu kidogo cha c." Alimsukumia karatasi. "Mweka dhamana anaeleza kwa maandishi yeye ni nani hasa, na alikuja kulipwa kwa kazi gani. Ukweli mtupu. Ukimaliza, laki nne zako hizi hapa." Akazipanga mezani, upande wake wa kioo. "Nakala nne."

"Nne za nini?"

"Yangu, ya wakaguzi, ya mkurugenzi. Yeye naye ataandika yake."

"Na ya nne?"

"Ya polisi. Hiyo usiikunje."

Tai akageuka kuutazama mlango. Kati yake na mlango alikuwa amesimama dada yake, aliyesikia yote, neno kwa neno. Hakupiga kelele. Alitoa kalamu kwenye mkoba, akaivua kifuniko, akamtia mkononi.

"Andika," alisema. "Kwa jina alilokupa baba. Na uanze na ya polisi, mkono ukiwa bado haujachoka."